Shule ya Wakatoliki, karo ya serikali: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Hongera kwa kijana wako kuitwa Shule ya Upili ya Mang'u, hapa Kenya. Umeniuliza mambo mawili: shule hiyo ni ya Kanisa Katoliki au ni ya serikali, na je, mtoto aliyelelewa PCEA, kanisa letu la Kipresbiteri, atalazimishwa kushika rozari? Nitaanza na la kwanza, kwa sababu jibu lake ndilo litakalokuonyesha mlango wa kubisha siku jambo likiharibika.

Shule ilianzishwa mwaka 1925 na Mapadre wa Roho Mtakatifu huko Kabaa, Machakos, mwaka mmoja kabla ya Waprotestanti kufungua Alliance kule Kikuyu. Mashindano unayoyasikia mpaka leo kati ya shule hizo mbili yana umri huo. Mwaka 1928 mjumbe wa Papa, Askofu Arthur Hinsley, aliwaambia wamisionari waliokutana Dar es Salaam kwamba pale wasipoweza kueneza Injili na kuendesha shule kwa pamoja, heri waache makanisa yangoje wazikamilishe shule. Ukijiuliza kwa nini misheni nyingi za zamani zina madarasa ya mawe imara kuliko nyumba ya padre, jibu mojawapo ndilo hilo. Baadaye shule ilihamia Mang'u, ikaitwa Holy Ghost College. Tom Mboya alisoma hapo, na Mwai Kibaki akatoka hapo kwenda Makerere. Makao ya sasa karibu na Thika ni ya miaka ya mwanzo ya 1970.

Sasa, umiliki. Baada ya uhuru, Tume ya Ominde ilipendekeza elimu iwe chini ya serikali, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 ikakamilisha kazi. Kanisa halikufukuzwa, ila lilibadilishiwa cheo: kutoka mwenye shule likawa mfadhili. Neno hilo huwapotosha wazazi wengi, wakadhani mfadhili ndiye anayetoa pesa. Walimu huajiriwa na kulipwa na Tume ya Huduma za Walimu, TSC, na ndiyo inayompeleka na kumhamisha mwalimu mkuu. Kiwango rasmi cha mgao wa Wizara ya Elimu kilichowekwa mwaka 2018 ni shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Wewe unalipia bweni na chakula.

Kanisa limebaki na nini basi? Soma kifungu cha 27 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013. Mfadhili ana viti katika Bodi ya Usimamizi, viti vitatu dhidi ya sita vya wazazi. Anaweza kutoa maoni kuhusu mitaala na kusaidia majengo. Anasimamia malezi ya kiroho na kuweka kapelani, kwa gharama yake mwenyewe. Na hapo hapo sheria inamtaka alinde imani za wanafunzi wengine. Hilo ndilo jibu la rozari. Katiba nayo, kifungu cha 32, hairuhusu mtu kulazimishwa kutenda ibada isiyoafikiana na imani yake.

Lakini usichanganye kulazimishwa ibada na kulazimishwa ratiba. Katika shule za namna hii Misa ya Jumapili huwekwa kwenye ratiba, na kipindi cha mafundisho ya dini, kinachoitwa PPI, hupewa nafasi kila wiki. Wakatoliki huwa na kundi lao la wanafunzi, YCS, lenye mtindo wa padre Mbelgiji Joseph Cardijn: tazama, pima, tenda. Waprotestanti huwa na CU, yaani umoja wa wanafunzi Wakristo, na kwa kawaida Wasabato na Waislamu hupangiwa nafasi zao. Kijana asiyekwenda popote, akabaki amelala bwenini wakati wenzake wako ibadani, huyo ndiye atakayepata shida, na shida yenyewe itakuwa ya nidhamu, wala si ya dini. Mwambie ajiandikishe CU wiki ya kwanza. Nawe andika barua fupi kwa mwalimu mkuu, nakala kwa kapelani, mkitaja kanisa lenu. Kapelani anayejua mapema hufanya mambo kuwa mepesi. Anayegundua katikati ya muhula, mtoto akiwa amekataa kupiga goti mbele ya watu, hana budi kulishughulikia hadharani.

Ugomvi wa kweli kati ya Kanisa na serikali hauhusu sala, bali viti na ardhi. Mapadre wakisikia TSC imempeleka mwalimu mkuu wasiyemtaka, huja juu. Na shule nyingi za wamisionari bado ziko kwenye ardhi iliyosajiliwa kwa jina la wadhamini wa jimbo la Kanisa. Ukisikia kelele hizo, usiziingie. Chakula kibaya au karo iliyopanda bila maelezo, nenda kwa wazazi wenzako walioko kwenye Bodi. Mwalimu asiyeingia darasani ni jambo la mwalimu mkuu, na akilikalia, TSC. Kapelani mwendee kwa mtoto aliyefiwa, aliyevunjika moyo au anayeogopa kusema.

Karo: kiwango kilichowekwa mwaka 2015 kwa shule za kitaifa za bweni ni shilingi 53,554 kwa mwaka, kwa mafungu ya asilimia 50, 30 na 20. Yaani 26,777 muhula wa kwanza, kama 16,066 wa pili na 10,711 wa tatu. Linganisha na barua mliyopewa. Kila kilichozidi kiulizwe kwa maandishi, kwa sababu ada za ziada hupenda kuvaa majina ya heshima, kama "maendeleo" au "motisha". Mgao wa serikali nao huchelewa, na shule inapoishi kwa karo tupu, maharagwe kwenye githeri hupungua kabla ya kitu kingine chochote.

Kuhusu maisha ya ndani, kengele ndiyo bwana. Kuamka kabla ya jua, prepu (kujisomea) ya asubuhi, uji, gwaride, masomo, michezo, prepu ya usiku, kulala. Mgeni hachoshwi na hesabu, huchoshwa na foleni: ya bafu, ya chakula, ya bomba. Atakayeishi vizuri ni yule anayefua Jumamosi mapema na kukaa karibu na kamba mpaka nguo zikauke, maana nyingi hupotea pale. Usiandike jina kwa kalamu ya wino mzito peke yake. Sabuni ya mche na jua huufuta kabla ya muhula kwisha. Shona herufi za jina kwa uzi ndani ya kola na kwenye ukanda wa suruali. Sanduku liwe la mabati, kufuli mbili, na ufunguo wa akiba akae nao mwalimu wa bweni, si rafiki. Na muulize kama ile Aviation, somo ambalo shule hiyo inajulikana nalo, bado lina nafasi kwenye mkondo aliopangiwa wa STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), kabla hajaota ndege miezi mitatu.

Wageni zamani waliitwa mono, na uonevu wao ulihesabiwa mila. Viboko vya walimu vilipigwa marufuku mwaka 2001, lakini uonevu wa wanafunzi haufutwi kwa tangazo. Huota gizani, kati ya prepu ya usiku na kuzimwa taa, bweni likikosa mtu mzima. Swali la kumwuliza mwalimu wa bweni ni moja: usiku analala wapi?

Siku ya kumpeleka, beba utepe wa kupimia na usione haya. Mwongozo wa usalama wa wizara wa mwaka 2008 unataka mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, njia ya katikati isiyopungua mita 2, mlango kila upande wa bweni na wa dharura katikati, milango ifunguke kwa nje na isifungwe kufuli watoto wakiwa ndani, madirisha yasiwe na vyuma. Tangu kila mtoto aliyemaliza msingi aanze kupokewa sekondari, shule kubwa zimejaa, na kinachobanwa kwanza ni nafasi kati ya vitanda, kwa kuwa haionekani kwenye picha. Vyuma vya dirishani huwekwa kuzuia wezi na watoro. Moto ukizuka vinazuia wote. Ukivikuta, zungumza na mwalimu mkuu siku hiyo hiyo, kisha umwandikie.

Godoro usilinunue bado. Ngoja orodha ya shule, usome upana wake vizuri. Wakiandika futi mbili na nusu, la futi tatu halitaingia kwenye fremu ya chuma, atalilalia likiwa limejikunja upande mmoja mwaka mzima.

Baba yako