Kwa mwanangu, kuhusu farasi

Bombo, Jumapili jioni

Mwanangu Zainabu,

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili kwa miwani. Unauliza: baada ya miaka mitano ya udaktari wa mifugo pale Makerere, ubaki na ng'ombe kama baba yako, au ukasomee uzazi wa farasi Newmarket, kule Uingereza, wakati hapa Uganda farasi ni wa kuhesabu? Mama yako keshajibu: farasi hakamuliwi. Mimi nianzie pengine.

Unamkumbuka yule mama wa nyuma ya msikiti, aliyekuwa akikuletea gurusa, zile chapati nyembamba za Kinubi? Ng'ombe wake alikuwa mmoja tu, mweusi, pembe moja imepinda. Nilimpandisha mara mbili kwa mrija, mbegu za dume kutoka Entebbe. Baada ya miezi akanijia mbio asubuhi: "Baba Zainabu, mtamba wa jirani kampanda, naye katulia tuli. Amerudi joto tena." Pikipiki ilikuwa inawaka, mtungi wa naitrojeni wa kuhifadhia mbegu nimeshaufunga nyuma, watu wananingoja Wobulenzi. Nikamjibu sijashuka: huyo tasa, muuze. Sikuvaa glavu. Sikuingiza mkono kupima mimba. Na tulifundishwa, Zainabu, kwamba hata mwenye mimba huweza kusimama akapandwa. Nilijua!

Wiki ile ile akamuuza. Mchinjaji ndiye aliyeniita nikaone. Tumboni mlikuwa na ndama wa miezi minne hivi, kwato laini kama sabuni iliyolowa.

Yule mama hakunigombeza. Aliendelea kukuletea gurusa, na wewe ulikuwa unazila mbele yangu.

Ndiyo maana nawachosha na neno langu lile lile: usitamke usichokigusa.

Haya, farasi. Unasema jike hubeba siku 340 hivi, na humpima kwa mashine kati ya siku ya 14 na ya 16, kabla mimba haijashika mahali pake, kwa kuwa pacha kwa farasi ni msiba. Zikionekana mbili, moja huminywa. Nimelipenda hilo la kutazama kwanza. La kuminya, sijui. Ni sawa, najua ni sawa, lakini mimi nisingelala. Na wale farasi wa mbio wa Kiingereza hawataki mrija kabisa: dume apande mwenyewe, la sivyo mtoto haandikishwi. Basi ujuzi wangu wote ningefika nao huko nikapewa ufagio! Eti tena huko wote hutimiza mwaka 1 Januari, kwa hiyo majike huwashiwa taa majira ya baridi, wadhani mchana umerefuka, waingie joto mapema. Sisi wa ikweta, mchana wetu ule ule Januari hadi Desemba, nani angewaza taa?

Nikikwambia nenda, huenda anayesema ni yule ng'ombe mweusi. Nikikwambia baki, ni uzee, unataka mtu wa kunishikia tochi. Ingawa punda wa Kapchorwa wanapanda mlima na magunia ya mahindi, na sijaona anayewapima mimba, na aliyesomea farasi… Hapo nakaribia kutamka. Naacha.

Mama yako anauliza kama farasi hupiga teke kushinda ng'ombe, na mtu akimpima anasimama wapi. Jibu hilo kwanza, kabla ya fomu.

Baba yako