Kabla ya Holmes

SWALI: Nimemaliza hadithi zote za Sherlock Holmes. Nataka kujua alikotoka. Nianze na kitabu gani?

JIBU: Anza na Edgar Allan Poe. Hadithi zake za mpelelezi Dupin ni tatu tu, na ya kwanza ilitoka 1841. Ya pili huwachosha wengi, maana karibu yote ni uchambuzi wa habari za magazetini. Ukikwama, iruke uende ya tatu, “The Purloined Letter”: polisi wanapekua nyumba nzima wakitafuta barua, kumbe imewekwa peupe.

Sasa fungua tena “A Study in Scarlet” ya 1887, sura ya pili. Watson anamfananisha Holmes na Dupin, naye Holmes anambeza Dupin waziwazi. Mkopaji kumponda mdai wake!

“The Moonstone” ya Wilkie Collins (1868) ni nene, na wasimulizi hupokezana. Andika pembeni nani kaona nini. Utangulizi wa wahariri usome mwisho, mara nyingi hufichua mhalifu.

Kwa Kiswahili, tafuta “Mzimu wa Watu wa Kale” (1960) cha Muhammed Said Abdulla. Kiko cha mpelelezi wake, Bwana Msa, utakitambua mara moja: Holmes naye ana chake.