Pomboo wa Shimoni na wa Muanda ni wamoja? Jibu langu ni hapana

Jambo sana wandugu. Mdogo wetu wa Himbi, hapa Goma, ameweka video mbili za pomboo na kuuliza swali. Ya kwanza aliichukua mwenyewe Shimoni, Kenya, alipokwenda kutembea. Ya pili ametumiwa na binamu yake anayefanya kazi Muanda, kwenye pwani ya Kongo yetu upande wa Atlantiki. Nahodha wa Shimoni alimwambia wote ni pomboo tu, naye anataka kujua kama ni kweli. Yaya mmoja (mkubwa wetu) hapo juu amemjibu kwamba pomboo ni pomboo, kama sambaza, samaki wetu wadogo wa Ziwa Kivu, ni sambaza. Naomba nipinge, kwa sababu kazi hii nimeifanya.

Mimi ni mtoto wa Birere, Goma. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipochukua nyumba yetu, nilikwenda Mombasa kwa shangazi, na mwishowe nikafika Shimoni, nikawa baharia kwenye boti ya kupeleka watalii Kisite, hifadhi ya bahari iliyo karibu. Nilikaa kwenye boti ile miaka saba, na karibu kila asubuhi tulikuwa tunatafuta pomboo.

Mwanzoni nilikuwa naangalia rangi, na rangi hudanganya kuliko kitu chochote. Jua likiwa upande wa pili wa mnyama, pomboo yeyote ni mweusi. Jua likiwa mgongoni kwako, yule yule anang'aa kama bati jipya. Mzee mmoja wa kisiwa cha Wasini, mvuvi wa mishipi, ndiye aliyenitoa huko. Alinifundisha kutazama anavyopanda kupumua: kinachotoka majini kwanza, kinachofuata, na jinsi mgongo unavyorudi chini. Sisi wa Kivu jambo hilo tunalijua. Ukiwa Kituku, ufukweni mwa ziwa, alfajiri mitumbwi ya sambaza inaporudi, ile iliyofungwa mitatu mitatu kwa miti mirefu, mama anayengoja mzigo anajua upi ni wa mume wake kabla hajaona uso wa mtu. Anaujua kwa namna unavyokaa juu ya maji.

Sasa video ya Shimoni. Maji ni ya kijani, na mwamba unaonekana chini, kwa hiyo kina ni kidogo. Wanyama wako watano au sita. Kinachopanda kwanza ni paji la kichwa, halafu pezi la mgongoni, refu, limepinda kuelekea nyuma kama mundu, na mgongo wenyewe ni laini, hauna kibonge chochote. Huyo ni Tursiops aduncus, pua-chupa wa Bahari ya Hindi, ambaye ndiye mwenyeji wa Kisite na pia wa Kizimkazi kule Unguja. Mmoja anaruka mwishoni na tumbo lake lina madoa. Hapo wengi hupotea, nami nilipotea mwaka mzima nikiwaambia wageni "huyu ni pomboo wa madoa". Sivyo. Aduncus akikomaa hupata madoa tumboni. Pomboo wa madoa mwenyewe, Stenella attenuata, ana madoa hadi ubavuni na mgongoni, ncha ya mdomo wake ni nyeupe, na mara nyingi yuko nje kwenye kina kirefu. Tena watoto wake huzaliwa bila doa hata moja, kwa hiyo ukikosa madoa usiseme haraka kwamba si yeye. Tazama mama aliye pembeni yake.

Aduncus ana ndugu mkubwa, Tursiops truncatus, mnene, mdomo mfupi, anayeweza kukaribia mita 4, wakati aduncus hafiki hata mita 3. Pwani ile huyo mkubwa huonekana zaidi nje ya miamba. Mkiwaona mbali bila kitu cha kulinganisha ukubwa, andikeni "pua-chupa" na muishie hapo. Afadhali jina fupi lenye ukweli.

Ukivuka miamba na kuingia mkondo wa Pemba, maji yanageuka buluu nzito, kina kinakuwa mamia ya mita, na watu wa huko ni wengine kabisa. Nitakayemkumbuka hadi kufa ni mzungukaji, Stenella longirostris. Wanakuja kwa makumi, siku nyingine kwa mamia. Usiku wanawinda samaki wadogo na ngisi wanaopanda kutoka kilindini, mchana wanapumzika. Ni mwembamba, karibu mita 2, mdomo mrefu kama kalamu, na ubavu una tabaka tatu: kijivu kizito juu, kijivu chepesi katikati, nyeupe chini. Pezi lake limesimama wima, karibu pembetatu. Anaporuka anajizungusha kama pia, mizunguko kadhaa kabla ya kugusa maji. Pomboo wengine pia huruka, na hata kujipindua, lakini kuzunguka namna ile kwa mhimili wa mwili wake, mara nyingi mfululizo, ni alama yake. Mara mbili tu nilimwona pomboo wa Risso huko nje: kichwa butu kisicho na mdomo, pezi refu sana, na mwili umejaa makovu meupe, mengine ya meno ya wenzake. Huyo hata mtoto hawezi kumkosea.

Nimemwacha makusudi pomboo mwenye nundu, kwa sababu ndiye jibu la video ya Muanda.

Shimoni tulikuwa naye pia, Sousa plumbea, wachache na waoga. Anapopanda, mdomo mrefu unatoka kwanza kwa mshazari, kisha kichwa, kisha nundu ndefu katikati ya mgongo, na pezi dogo limekaa juu ya nundu kama kofia juu ya kilima. Halafu mgongo unakunjwa sana anapozama. Anashika maji mafupi, midomo ya mito na karibu na mikoko, na ndipo nyavu zilipo. Ameorodheshwa kuwa hatarini, na sishangai.

Katika video ya Muanda pezi ni dogo, na mara mbili naona nundu chini yake. Mdomo unatoka kwanza. Lakini Sousa plumbea anaishi Bahari ya Hindi, kuanzia Afrika Kusini hadi pande za India. Hawezi kuwa Atlantiki. Mwenye nundu wa upande ule ni Sousa teuszii, ambaye hapatikani popote duniani isipokuwa pwani ya magharibi ya Afrika, kutoka Sahara Magharibi hadi Angola. Wanakadiriwa kuwa chini ya 3,000, na wamewekwa katika daraja la mwisho la hatari kabla ya kutoweka. Gabon wapo, Kongo-Brazzaville wapo, Angola wapo, na pwani yetu ya kilomita kama 40 iko katikati yao. Kama macho yangu hayanidanganyi, binamu yako ameona kitu ambacho watu wengi wanaosomea bahari hawajawahi kukiona. Niliirudia video ile usiku kucha.

Ila sitaki kusema "ndiye" kwa video iliyofifia namna hii. Mdogo wangu, mwombe binamu atume faili lenyewe lilivyotoka kwenye simu, si hili lililobanwa na WhatsApp. Aandike tarehe na saa, alikuwa mita ngapi kutoka ufukweni, walikuwa wangapi, maji yalikuwa ya matope ya mto au ya bahari safi. Akiwaona tena, azime mota na asiwafuate. Apige foto nyingi za pezi kutoka ubavuni, hata zikiwa mbaya, maana mikato ya ukingo wa pezi ndiyo inayomtambulisha pomboo mmoja mmoja, mwaka hadi mwaka. Na kwa kuwa Hifadhi ya Mikoko iko pale pale Muanda tangu 1992, awapelekee walinzi wake nakala.

Na kwa yule aliyeuliza kama Kivu kuna pomboo: hakuna, wala hajawahi kuwemo.

Aksanti. Nasubiri faili.