Mkuu, usinunue hivyo viatu vya matundu matatu

Rudisha hela mfukoni kwanza. Umesema una baiskeli mbili, ya mbio kwa ajili ya lami na ya mlimani kwa ajili ya Kibosho, umeona viatu vya baiskeli vya matundu matatu ya skrubu kwenye soli pale soko la mitumba la Memorial, na kliti, kile kipande cha chini ya soli kinachonasa kwenye pedali, "utatafuta baadaye". Hiyo baadaye yako mimi ilinila zaidi ya laki 4, na goti.

Nami nilianza na mtumba. Viatu vyeupe, soli ngumu kama sinia, bei ya kutupa, na chini vina kliti za njano za Shimano hazijalika sana. Baiskeli yangu ya mbio ilikuwa na pedali za Look Keo. Nikampelekea fundi mmoja hapa Moshi, simtaji maana bado tunasalimiana. Nikamuuliza, hizi zitaingiliana? Akageuza kiatu mara moja tu: "Mangi, matundu matatu ni matatu. Zote za mbio hizo." Alivyosema kwa uhakika, nikaona hata aibu kuuliza tena.

Uongo mtupu. Matundu yanakuambia kliti itafungwaje kwenye soli, basi. Hayakuambii itashika pedali gani. Ya Shimano SPD-SL, kama zile zangu za njano, na ya Keo zote zinakaa kwenye kiatu hicho hicho kwa skrubu tatu, ila umbo ni tofauti, kila moja na pedali yake. Fundi alipoona haiingii, unadhani alikiri? Alichukua tupa! Akachonga pua ya kliti, akajaribu, akachonga tena, mpaka ikalia klak. Akadai elfu 10 yake, na mimi bwege nikaongeza ya soda.

Jumapili natoka Himo, nafika kipilefti cha YMCA, trafiki kasimamisha upande wetu. Kliti inatoka kwa kuzungusha kisigino kwenda nje. Nikazungusha mguu wa kushoto, ule ninaouweka chini siku zote. Ukaenda nusu, ukakwama. Nikalala taratibu kama mti uliokatwa, baiskeli juu yangu, mguu bado umeng'ang'ania. Konda wa daladala akapiga kelele, "Mzee, shuka kwanza ndo ulale!" Nikacheka nao, ningefanya nini? Ilibidi nivue kiatu kikiwa kwenye pedali, nikasimama na soksi juu ya lami ya saa saba mchana. Kioo cha simu kwaheri, leva ya gia imepinda, goti limevimba wiki 3. Fundi nilipomwambia akasema sikuzoea tu.

Na hata ningepata kliti sahihi, viatu vile Kibosho ni mzigo. Kliti imetokeza chini ya soli, ukishuka kusukuma kwenye udongo uliolowa unatembea kama bata, tope linaganda, haishiki tena. Nikanunua jozi ya pili. Ile ya kwanza nikauza kwa bei ya kuona haya.

Kwa hiyo: anza na pedali, ziwe aina moja kwenye baiskeli zote mbili, kiatu kifuate. Kwa wewe ni SPD ya matundu mawili, siyo SPD-SL. Shimano waliitoa mwaka 1990 kwa baiskeli za mlimani, na hakuna sheria inayokataza kuifunga kwenye ya mbio. Kliti ni ndogo, ya chuma, imezama ndani ya soli, unaingia nayo hotelini kula mtori bila kuteleza. Ukianza chukua kliti ya SH56, inaachia pande nyingi kuliko SH51, na legeza springi ya pedali. Kundini watakuambia unapoteza nguvu. Nguvu ipi, mkuu? Sisi tunaendesha hadi Usa River kufuata nyama choma.

Na akija mtu kukuambia "chukua kliti nyekundu, inacheza zaidi", muulize ya pedali gani. Nyekundu ya Keo inakupa digrii 9 za kisigino kucheza. Nyekundu ya SPD-SL ni 0, haichezi kabisa. Hilo nalo fundi wangu aliniambia rangi ni urembo.

Kama bado roho inakuuma kuviacha, tuma hapa picha kabla hujalipa. Picha ya pedali zako, siyo ya viatu.