Kufunga fimbo fupi ya gia kwenye BMW E36

Ndugu, umeuliza ukate nini ili fimbo fupi ya gia uliyonunua isigonge chini ya BMW E36 yako (3 Series ya miaka ya 1990). Nakusihi usiisage propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma), kwani ikipunguzwa chuma upande mmoja itapoteza mizani na gari litatetemeka. Fimbo hizo hufupisha mwendo wa mkono unapobadilisha gia kwa kurefusha sehemu iliyo chini ya egemeo: ikirefushwa kutoka milimita 40 hadi 50, mwendo huo hupungua kwa 20%, lakini rodi inayokwenda kwenye giaboksi nayo hushuka na kukaribia boliti za kiungo cha mpira cha shafti. Kwa hiyo cha kurekebisha ni rodi. Ifungue, itazame palipokwaruzwa hadi chuma kikang'aa, uipinde hapo kidogo kuelekea juu bila kupunguza umbali kati ya ncha zake, la sivyo fimbo haitasimama wima. Ukiirudisha, zima injini, gari likae juu ya stendi imara, kisha uingize gia zote huku mwenzako akitazama chini. Mimi huacha nafasi ya milimita 5 kati ya rodi na boliti hizo, maana injini hucheza unapokanyaga mafuta. Bushi (vipete vya kwenye maungio ya rodi) zilizolegea zibadilishe wakati huohuo.