Ijumaa yako Maskati: kwa mnaokuja kufanya kazi Omani

Kama umepata mkataba wa kazi Maskati, wakala wako atakueleza mshahara, tiketi na vipimo vya afya. Hatakwambia utafanya nini siku ya mapumziko, kwa kuwa hilo halimwingizii kitu. Kwa maoni yangu hapo ndipo watu wetu wanapotofautiana. Yupo anayekaa huku miaka na njia anayoijua ni moja tu, ya chumbani hadi kazini, akienda likizo Tanga au Kisumu hana la kusimulia ila joto na kafili wake, yaani mwajiri anayemdhamini. Na yupo mwingine, mshahara uleule, ambaye ameizunguka nchi mpaka wenyeji wenyewe humuuliza habari za mikoani.

Tumalize makaratasi kwanza. Kadi ya ukaazi itembee nawe kila uendako. Picha za mkataba na pasipoti ziwe kwenye simu yako na kwa mtu mmoja wa nyumbani unayemwamini. Riali moja ni baisa 1,000, na ni sarafu nzito. Wiki za mwanzo utapiga hesabu ya kila kitu kwa shilingi, halafu uache, la sivyo hutakunywa hata chai. Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, ingawa sisi wa madukani na wa majumbani wengi wetu tunaambulia Ijumaa peke yake. Kama unakuja kufanya kazi ya nyumbani, ulizia siku ya mapumziko kabla ya kutia saini. Ukishafika, swali hilo huwa gumu zaidi.

Sasa Kiswahili. Onyo la kwanza: usimsengenye mtu ndani ya lifti. Yule mzee wa kanzu nyeupe na kofia ya kushonwa kwa mkono, aliyesimama kimya mbele yako, huenda alizaliwa Malindi ya Unguja au Wete, na Kiswahili chake kikakushinda wewe. Familia nyingi zilikuja huku baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, na nyingine baada ya Julai 1970, Sultani Qaboos alipochukua nchi na kuwaita Waomani waliokuwa nje warudi kuijenga. Wala si Unguja na Pemba tu. Ukifika Ibra na miji mingine ya Sharqiyah utakuta watu waliokulia Tabora, Bujumbura au Kigali, na lafudhi zao zina bara ndani yake.

Kwa hiyo mtolee mzee shikamoo. Ukisikia "marahaba, mwanangu, kwenu wapi?" jua umepata mtu wa kumwuliza mambo ambayo mwajiri wako hawezi kukujibu: daktari gani mzuri, gari bovu linatengenezwa wapi, samaki wanunuliwe saa ngapi. Lakini mazungumzo hayo mapema au baadaye yatafika 1964, na hapo wageni wengi huteleza. Ulichosoma darasani ni kimoja. Mama aliyeondoka na sanduku moja ana chake, chenye majina ya kaka na mtaa wa nyumba. Usikimbilie kumsahihisha. Nawe pia unaweza kuwa na lako kifuani, kwa sababu mtu wa bara hawezi kusikia habari za utawala wa masultani asikumbuke Bagamoyo, au soko la watumwa la Mkunazini, Unguja, lililofungwa 1873. Lina haki ya kusemwa. Ila lisemwe mkishazoeana, kwa sauti ya kawaida, na si siku ya kwanza juu ya kahawa ya watu. Nimesikia wazee wa huku wakilizungumza wenyewe, bila kuulizwa, mbele ya kijana aliyejua kunyamaza.

Na kahawa yenyewe ina adabu yake. Pokea kikombe kwa mkono wa kulia. Ukitosheka, kitikise kidogo unapokirudisha, la sivyo utaendelea kumiminiwa. Halua utaijua, maana haijatofautiana sana na ya Unguja.

Safari ya kwanza iwe Nizwa, kama kilomita 160 kutoka Maskati. Basi la Mwasalat, kampuni ya mabasi ya taifa, linafika, lakini mnada wa mbuzi ni Ijumaa asubuhi na mapema, na hapo basi la siku hiyohiyo halikusaidii. Changeni watu wanne, mwende Alhamisi usiku. Wauzaji huzungusha mbuzi kwenye duara huku wakitaja bei, wanunuzi wamejipanga pembeni wanashika mgongo, wanafungua mdomo kuangalia meno. Jua likipanda kidogo tu, mambo yamekwisha. Ukitaka kumpiga mtu picha, mwombe kwanza, na mwanamke usimwelekezee kamera kabisa.

Kisha ingieni ngomeni kabla haijafungwa kwa ajili ya sala. Ule mnara mnene wa duara ulijengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, aliyewatoa Wareno Maskati mwaka 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye ambaye majeshi yake yaliizingira Ngome ya Yesu kuanzia Machi 1696 mpaka ilipoanguka Desemba 1698. Basi ewe Mmombasa uliyepelekwa Fort Jesus na shule, ukaonyeshwa kuta na mizinga, huku ndiko walikotoka wale waliokuwa nje ya ukuta wakisubiri. Kwangu mimi hilo peke yake linalipa nauli.

Wengi hupanda juu, hupiga picha, hushuka. Mimi nakwambia tafuta chumba cha tende. Makanda ya tende yalipangwa humo moja juu ya jingine, uzito ukakamua asali, asali ikatiririka kwenye vijifereji vya sakafuni hadi mtungini. Ilikuwa chakula, na ilikuwa silaha: angalia matundu juu ya milango kwenye ngazi za mnara. Adui akifika hapo alimwagiwa asali ya tende ikiwa inachemka.

Kilomita chache kutoka hapo ipo Falaj Daris, mojawapo ya mifereji mitano iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006. Maji hutolewa ardhini na kushuka kwa mteremko wake tu, bila pampu, na kila mwenye shamba hupata zamu yake kwa saa. Nchi nzima bado ina mifereji ya namna hii kama 3,000 inayofanya kazi. Mtu wa Kilimanjaro aliyekua na mifongo ataelewa upesi kuliko sisi wa pwani, hasa ugomvi wa zamu. Kaa pale ukingoni, tumbukiza miguu chini ya sehemu ya kuchota, kula ulichobeba.

Sur ni safari ya pili, kama kilomita 200 kwa barabara ya pwani. Mabaharia wake walikuwa wakiteremka na kaskazi hadi Lamu, Mombasa na Unguja, wakarudi na kusi. Karakana ya majahazi bado ipo, na lile jahazi kubwa, Fatah al-Khair, limepandishwa nchi kavu watu walione. Kwa asiye na siku nzima, Makumbusho ya Taifa pale Maskati, yaliyofunguliwa 2016, yanatosha kwa alasiri moja. Msikiti Mkuu wa Sultani Qaboos huwapokea wasio Waislamu asubuhi, isipokuwa Ijumaa; mwanamke afunike kichwa, mikono na miguu.

Jambo moja sitalipunguzia ukali. Wadi, yaani bonde lile kavu lenye mawe unalolivuka kila siku, hujaa maji kwa mvua iliyonyesha milimani, mbali, huku juu yako anga ni safi. Ukiona maji yanapita barabarani, simama, hata kama magari ya mbele yamejaribu. Kuvuka wadi iliyojaa ni kosa la jinai, na kila msimu kuna wanaosombwa.

Mizunguko yote hii ifanye kati ya Novemba na Machi. Juni hadi Agosti hata kazi za nje husimamishwa kisheria mchana, kuanzia saa sita na nusu mpaka saa tisa na nusu, ngome haitakuhurumia. Miezi hiyo, ukipata likizo, nenda Salalah kwenye msimu wa kharifu, kule kusini kunakonyeshewa manyunyu na milima ikawa kijani. Ni kama kilomita 1,000, basi linasafiri usiku, na nyumba za kulala wageni hupanda bei, kwa hiyo weka nafasi mapema. Ukichagua Jabal Akhdar badala yake, ile milima mirefu ya upande wa Nizwa, gari liwe la magurudumu manne yanayovuta, maana polisi wa kizuizini hawaruhusu jingine kupanda. Na Januari beba sweta. Watu wa Dar hawaniamini mpaka usiku uingie.