Kipengele cha "haki zote" kwenye mkataba wa hadithi: usisaini kilivyo

Mkuu, kwanza hongera kwa kupata kazi. Umesema uko Nyegezi hapa Mwanza, mchapishaji wa Dar amekutumia mkataba wa hadithi za watoto, malipo ya mkupuo, na ndani kuna kipengele kwamba mwandishi "anahamisha haki zote, milele, dunia nzima, kwa njia zilizopo na zitakazovumbuliwa". Unauliza usaini au uache, na kama ni lazima ukasajili kwanza COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Wadau hapo juu wamekwambia saini, njaa haina hakimiliki. Mimi naishi kwa kuandika hapa Kirumba, hadithi, michezo ya redio na makala za hapa na pale, na njaa naijua, ila kwa hili siko nao.

Usajili nianze nao maana hauna maneno mengi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Na. 7 ya mwaka 1999, inailinda kazi yako tangu ulipoiandika, hata kama hujasajili. Usajili ni ushahidi mzuri siku mkigombana. Barua pepe uliyotumia mswada nayo ni ushahidi, usiifute.

Tuje kwenye "haki zote". Kuna haki za kimaadili, yaani jina lako litajwe na kazi yako isiharibiwe. Hizo ni zako maadamu uko hai. Halafu kuna za kiuchumi: kunakili, kuuza nakala, kutafsiri, kugeuza hadithi kuwa mchezo, kutangaza redioni. Hizi zinauzika, zote kwa pamoja au moja moja, na uhamisho wake sheria inautaka uwe kwa maandishi. Wengi hatujui kwamba zinauzika moja moja. Huyo mchapishaji anataka kuchapa kitabu cha Kiswahili auzie shule. Redio anaitakia nini? Tafsiri ya Kifaransa je? Tajiri wa mtumbwi pale soko la samaki la Mwaloni akikukodisha chombo kwa giza moja, yaani zile siku za kuvua dagaa mwezi ukiwa haupo, mbalamwezi ikitoka unarudisha. Hakuna anayefikiri umenunua mtumbwi. Mchapishaji naye mpe ruhusa ya kipekee ya kuchapa na kuuza, kwa Kiswahili, kwa miaka inayotajwa kwa tarakimu, na mwandike kwamba kisichotajwa kinabaki kwako.

Usiogope kuligusa karatasi lao. Mimi nililetewa la namna hiyo hiyo kwa mchezo wa redio kuhusu akina mama wa dagaa. Sikubishana. Nilikata "anahamisha haki zote" kwa kalamu, juu yake nikaandika "anatoa ruhusa ya kipekee ya kutangaza redioni, kwa Kiswahili, Tanzania, kwa miaka mitatu". Bosi akasoma, akatoka kwenye korido na simu yake kumpigia mwanasheria wao, akarudi akasema mitano. Tukakubaliana mitano. Tukaweka sahihi za kifupi pembeni ya kila palipokatwa, kwenye nakala zote mbili, maana ikikatwa yako tu umejisumbua bure. Pesa haikupungua hata shilingi. Miaka ilipoisha nikaugeuza mchezo ule kuwa hadithi, nikaiuza kwingine.

Kipengele ambacho hukukitaja, na nadhani hakimo, ni cha haki kurudi. Jamaa yangu mmoja wa Ukerewe kitabu chake kilichapwa mara moja, kikaisha, mchapishaji hachapi tena wala hamwachii. Shule zinampigia simu kutaka nakala, anabaki kuwaambia kitabu ni chake lakini hana ruhusa ya kukichapa. Andikeni: kitabu kikikosekana sokoni miezi 12, na mchapishaji akiandikiwa barua asichape tena ndani ya miezi sita, haki zinarudi kwa mwandishi bila malipo. Wakikataa vingine vyote, hiki wang'ang'anie.

Na "milele" usiichukulie kama mapambo ya wanasheria. Ulinzi wa sheria yetu ni uhai wako na miaka 50 baada ya kufa. Mzee Aniceti Kitereza wa hukohuko Ukerewe alimaliza riwaya yake kwa Kikerewe mwaka 1945, ikatoka kwa Kiswahili 1980, yeye akafariki 1981. Kwa hesabu hiyo kazi yake inalindwa hadi 2031. Ukisaini milele leo, unasaini na kwa niaba ya wajukuu.

Malipo ya mkupuo siyo haramu. Kipeperushi cha kampeni ya vyandarua nauza chote, nikitakia nini tena? Lakini hadithi ya watoto inaweza kuuzwa miaka na miaka, kwa hiyo omba mkupuo mdogo kama malipo ya awali, na mrabaha juu yake, yaani asilimia kwa kila nakala inayouzwa. Hapo uliza asilimia ya nini. Kitabu cha shilingi 8,000, asilimia 10 ya bei ya jalada ni 800 kwa nakala. Mwenye duka akipewa punguzo la asilimia 40, mchapishaji anapokea 4,800, na asilimia 10 ya "mapato halisi" inakuwa 480. Kabla hata hajaanza kutoa gharama nyingine, kama mkataba unamruhusu. Kwa hiyo neno "mapato halisi" likiwemo, wao waandike ndani ya mkataba ni gharama zipi zinazotolewa.

Angalia pia kipengele cha fidia. Kikisema mwandishi atabeba gharama zote za madai "yoyote", punguza: ubebe yale yanayotokana na wewe kunakili kazi ya mtu au kumkashifu mtu. Picha watakazochora wao na mabadiliko ya mhariri wao yasiwe mzigo wako.

Mwisho, mrabaha unakatwa kodi ya zuio asilimia 15 kabla haujakufikia. Dai cheti cha hiyo kodi kila wanapolipa, na mwandike tarehe ya malipo na haki yako ya kuona hesabu za mauzo. Ukipata majibu yao weka kipengele hapa, ufute majina, tukisome pamoja.